Mayai ya Itombwe Juu

Gaspard Mulonda alikuwa amesafisha korido ya ghorofa ya tatu kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna bango lililowahi kumsimamisha. Mabango ya chuo kwake yalikuwa vitu vya kupanguswa vumbi, basi. Lakini Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, theluji chafu ikiwa bado imerundikana kando ya maegesho, alisukuma ndoo yake ya magurudumu hadi mlango wa maabara ya mwisho, akainua macho, akaona mnyama anayemjua.

Alikuwa dubu-maji. Ukimweka juu ya kidole hutamwona. Ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Anaishi ndani ya kuvumwani, zile nyasi fupi laini zinazoshika magogo na mawe ya milimani. Ana miguu minane minene kama ya mtoto anayejifunza kutembea, na kila mguu una kucha zake. Watu wengi huzaliwa, wakaoa, wakazikwa, bila kujua kwamba yupo. Gaspard alikuwa amewatazama maelfu.

Akasoma maandishi ya bango, polepole, kidole kikifuata mstari. Mnyama mpya kwa sayansi. Milima ya Itombwe, mashariki ya Kongo. Mwaka 1988. Mkusanyaji: Profesa Whitlow, marehemu. Na jina atakalopewa mnyama ni lake yeye Whitlow.

Mkusanyaji! Mtu yule alipanda Itombwe mara mbili tu, na mara ya pili alibebwa kwenye tipoi, kiti cha kuchukuliwa mabegani mwa watu, kama mkoloni kwa sababu ya kifundo cha mguu. Waliopanda kila wiki, mvua na jua, walikuwa wawili: Gaspard, na Josué aliyemfundisha kazi. Kwenye ripoti ya mwaka ule waliandikwa kwa neno moja, "vibarua". Gaspard aliisoma ripoti ile kwa macho yake, ukurasa wa tisa, na hajausahau.

"Mwongo mkubwa wewe," aliliambia bango.

"Nani mwongo, mzee?"

Aligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, kikombe cha chai mkononi, sura ya Kihindi na Kiswahili cha Mwanza.

"Bibi yangu Rashida alizaliwa Mwanza," alisema, akiuona mshangao wake. "Kiingereza kilikuwa cha shule. Cha kugombezwa nyumbani kilikuwa Kiswahili. Naitwa Alisha. Hilo bango ni langu, kwa hiyo kama kuna mwongo naona ni mimi."

Mtu mwingine angeomba radhi akaendelea na kazi. Gaspard hakuwa mtu wa hivyo. Kwenye minara ya Jane na Finch, mtaa wa hapa Kanada anakoishi, walimwita Papa Faili, maana hakuna mkutano wa wapangaji aliokosa kusimama na faili lake la plastiki, akataja tarehe ambayo lifti iliharibika na jina la aliyeahidi kuitengeneza. Kanisani ilibidi mchungaji amwombe afupishe hata sala. Shule aliiacha darasa la nane. Mengine yote alijifunza kwa kusoma alichokipata na kutosahau alichotendewa.

"Daktari," alisema, "hao uliowaweka hapo ni aina mbili. Umewafunga pamoja."

Alisha hakucheka. Alifungua mlango zaidi. "Ingia unionyeshe."

*

Hadubini ilikuwa mpya, ya bei ya nyumba, lakini jicho ni lile lile. Gaspard alivua glovu, akaweka jicho, akazungusha gurudumu kwa ncha za vidole. Miaka ishirini na tisa hakuwa ameigusa hadubini. Mkono haukuuliza njia.

"Haya, mzee. Soma."

"Mgongoni hana magamba, ngozi tupu. Kwa hiyo tunaacha ile familia ya wenye ngao." Alisema kama anayesoma risala. "Kucha mbili mbili, zimeungana chini kama matawi ya herufi Y. Chini ya kucha kuna kisahani; kwenye miguu ya nyuma kisahani kina meno. Mdomo unaangalia mbele. Mrija wa koo, kisha tufe, na ndani ya tufe vijiti viwili na kidoti kimoja."

"Kijiti cha kwanza?"

"Kimebanwa katikati. Ni kirefu kuliko cha pili."

Alisha alikuwa ameweka kikombe chini. "Nani alikufundisha?"

"Shemeji yangu Josué. Wakati ule alikuwa bado hajawa shemeji." Alisha akamwekea slaidi ya pili, kioo chenye mnyama mwingine; Gaspard akaitazama, akainua kichwa. "Huyu naye ni vile vile. Kila kitu. Huyu wa bondeni, huyu wa juu, ukiwalaza sambamba ni mapacha. Hapo ndipo ulipokosea, na si kosa lako. Wanyama hawa hawatambulikani kwa mwili peke yake. Mayai yao umeyaona?"

"Ya bondeni ninayo. Yana pembe juu yake, zimechongoka." Alisha alipekua daftari lake. "Ya juu sina. Hakuna hata moja."

"Yapo. Ya juu hayana pembe. Yana vikombe vilivyopinduliwa, kitako juu, na kila kitako kina meno pembeni kama kifuniko cha soda. Josué aliyaona wa kwanza. Akaniita, nikaona wa pili. Profesa tulimwambia, akasema ni uchafu kwenye kioo."

"Hiyo ingetosha," Alisha alisema taratibu. "Pembe na vikombe. Hiyo ni aina mbili, hakuna wa kubisha. Lakini mzee, siwezi kuandika yai ambalo sijaliona."

"Slaidi ya arobaini na moja. Pembeni imefungwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Nyingine zote zina rangi nyeusi ya maabara. Huwezi kuikosa."

Alisha aliangalia kalenda ukutani. Makala ilikuwa imeshasainiwa na mkuu wake wa kazi, na ilipaswa kuondoka Alhamisi saa kumi jioni. Mara mbili alishaomba muda, mara ya tatu hatapewa. Masanduku ya Whitlow yalikuwa ghalani upande wa pili wa mji. Angeomba yaletwe Alhamisi asubuhi.

"Ukinionyesha yai moja," alisema, "moja tu, nawatenganisha. Wa bondeni abaki na jina la Whitlow. Wa juu nampa jina la Josué. Hilo liko mikononi mwangu, na nakuahidi."

Gaspard alivaa glovu zake, akashika fagio la maji, akasafisha korido yote tangu mwanzo, hata pale palipokwisha kukauka.

*

Josué hana kaburi. Novemba 1996, vita vilipofika, watu walikimbilia msituni kwa njia ya Shabunda, na yeye alirudi nyuma kuchukua madaftari ya kituo cha utafiti walikofanya kazi, michoro yote ile ya miaka kumi. Hakuonekana tena, yeye wala madaftari. Donatienne, dada yake, alimngoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na minne. Walipopata ndege ya kuja Kanada alikuwa bado akiuliza kila Mkongo anayekutana naye: hukumwona kijana mrefu, anayetembea ameinama kama anatafuta kitu chini?

Kwa hiyo jioni ile Gaspard alipomwambia habari ya jina na ya slaidi nyekundu, Donatienne aliacha kukata mboga za lengalenga. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba.

"Jina lake litaandikwa wapi?"

"Kwenye vitabu vya dunia nzima. Halifutwi. Hata wakigombana wanasayansi miaka mia, jina la kwanza linabaki."

"Josué." Alilisema kama anaonja chumvi. Kisha akacheka, kicheko ambacho Gaspard alikuwa amekikosa siku nyingi. "Na ni ile rangi yangu ya kucha! Mwizi yule. Chupa nimeletewa kutoka Bujumbura niipake siku ya posa, yeye anaichukua kwenda kuwapaka wadudu. Siku ya kupokea wageni nina kucha nyeupe kama mgonjwa."

"Uliolewa hata hivyo."

"Niliolewa na mwanaume mwenye vidole vyekundu! Shangazi zangu waliuliza huyu bwana harusi anajipamba?" Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na Josué, pombe ya kasiksi ikimpanda, anawahesabia wazee meno ya yai. Baba akasema, jamani, huyu tumtafutie mke kati ya hao wadudu wake, sisi tumeshindwa."

Binti yao Mélissa, aliyekuwa mezani na kompyuta yake, aliuliza kwa Kiingereza chake, bila kuinua uso, kwa nini mtu apake rangi ya kucha kwenye kioo.

"Ili gundi isikauke ikapasuka," Gaspard alimjibu. "Unafunga pembeni."

Alipolisema hilo, kitu kidogo kilimgusa ndani, kama kokoto kwenye kiatu. Vidole vyekundu siku ya posa. Alikisukuma pembeni. Alikuwa na siku tatu za kufurahi na hakutaka kuzipunguza.

*

Alhamisi aliomba ruhusa ya saa mbili kwa msimamizi wake, akavaa koti la kanisani, akabeba faili. Ndani ya faili mlikuwa na nakala za barua kumi na saba: kwa chuo, kwa makumbusho, kwa wizara, kwa mjane wa Whitlow. Zote zinauliza swali moja: iko wapi kazi yetu? Majibu yalikuwa mawili, yote ya kushukuru kwa kuandika.

Sanduku lilikuwa la mbao, na Gaspard alilitambua kabla halijafunguliwa, maana kona moja aliichonga yeye. Alisha aliinua kifuniko. Slaidi zilisimama kwenye mifereji yake safu kwa safu, kingo zake nyeusi. Moja ilikuwa nyekundu.

"Hii hapa," Alisha alinong'ona.

Mwandiko ulikuwa wa Josué, mdogo, umelala kulia. *41. Itombwe juu. Mayai. 14.7.88.* Gaspard aliushika ukingo wa kioo kwa vidole viwili, na kwa muda hakutaka kuuachia.

Alisha aliiweka chini ya lenzi. Alizungusha. Akasogeza kushoto, akasogeza kulia, akaongeza mwanga, akapunguza. Gaspard alikuwa akimtazama mabegani. Mabega husema kabla ya mdomo. Yakashuka.

"Tazama wewe," alisema.

Gaspard akaweka jicho. Aliona nyufa. Nyufa nyeusi zenye matawi, kama udongo wa ziwa lililokauka, na kati yake fuwele zinazometa. Akatafuta kona ya juu kulia, pale yalipokaa mayai matatu kwa safu. Anapakumbuka kama anavyokumbuka mlango wa kwao. Palikuwa na duara moja hafifu, kivuli cha duara. Juu yake hapakuwa na kikombe. Hapakuwa na kitu chochote. Akakodoa jicho mpaka likatoa machozi, na duara nalo likapotea.

"Labda ukitumia ile mashine nyingine, ile kubwa."

"Hakuna kilichobaki cha kutazama, mzee. Mashine haiumbi."

"Basi kuvumwani yenyewe. Tulizileta kwenye bahasha za kaki, mamia. Maganda ya mayai hukaa humo miaka."

"Zilitupwa ghala lilipohamishwa. Niliuliza jana."

"Watu waende wakalete nyingine."

Alisha alitikisa kichwa. Wote wawili walijua ni watu gani wenye silaha wanaoshikilia njia za Itombwe siku hizi, na hakuna chuo kitakachomtuma mtu kule kwa ajili ya yai.

Alichukua slaidi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Nyingine zote ni nzima. Hii peke yake. Ilifungwa ikiwa mbichi, ona rangi ilivyoingia chini ya kioo. Gundi hii inataka wiki tatu ikauke kabla ya kufungwa. Ukiiwahi, maji yanabaki ndani, na gundi inaendelea kukifanya kilichomo kiwe wazi kama kioo mpaka hakionekani, halafu inapasuka." Akaishusha. "Sijui nani aliifunga. Alikuwa na haraka."

Hakusema kwa ubaya. Na jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Gaspard, jibu la miaka thelathini na saba: Whitlow. Whitlow alikuwa anaondoka Jumatatu, Whitlow alitaka masanduku yake, Whitlow hakuwaletea rangi ya kutosha. Yote hayo ni kweli, na maiti haibishi.

Lakini kumbukumbu yake haikuwa mbwa wa kumbwekea jirani tu. Aliifuga mwenyewe, na sasa ilimgeukia. Tarehe kumi na nne, Alhamisi, Josué aliweka mayai kwenye kioo. Tarehe kumi na tano, Ijumaa, Josué alimwambia: hii ya arobaini na moja usiiguse, haiendi na mzungu, itabaki hapa ikauke, nitaifunga mwenyewe mwezi ujao, na rangi ya Donatienne ile pale. Kisha akashuka bondeni kutafuta wapagazi. Na Jumamosi ilikuwa posa. Mbuzi walikuwa wamefungwa tayari nyuma ya kituo, wajomba wamefika, na ndugu wa bibi harusi lazima awepo kupokea wageni. Gaspard, bwana harusi wa miaka ishirini na mitatu, aliogopa kitu kimoja: Josué atarudi, atakuta kazi haijaisha, atasema subirini. Alimjua. Angeweza kuusubirisha ukoo mzima kwa ajili ya yai.

Basi alimaliza kazi. Akafunga zote, akapanga zote sandukuni, hata ile nyekundu, akapigilia misumari. Josué aliporudi alikuta meza tupu na shemeji yake mtarajiwa amevaa suti ya kuazima. Aliuliza, "Na ya arobaini na moja?" Gaspard akajibu, "Imeshafungwa, twende." Josué akatazama sanduku, akamtazama yeye, akacheka, akasema, "Haya, twende tukuozeshe." Hakulitaja tena. Gaspard siku zote alidhani ni kwa sababu halikuwa na uzito.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyeifunga. Nilikuwa naenda kuposa."

Alisha aliirudisha slaidi kwenye mfereji wake. Nje ya dirisha basi lilipiga honi.

"Nipe karatasi," Gaspard alisema.

Akachora. Alichora duara, na juu ya duara vikombe vilivyopinduliwa, na kimoja akakichora kikubwa pembeni, kitako chake na meno yake. Alisha alisimama nyuma yake, akauliza meno yalikuwa mangapi kwa kila kikombe.

"Kumi na mawili. Daima kumi na mawili. Josué aliyahesabu mbele yangu."

"Nakuamini," Alisha alisema. "Naapa nakuamini. Lakini siwezi kumtenganisha mnyama kwa mchoro wa leo wa kitu kisichoonekana. Jarida litairudisha makala siku hiyo hiyo, na mkuu wangu ataondoa jina langu pia." Alikuwa akikunja kunja ncha ya mkono wa sweta. "Ninaweza kuweka sentensi moja. Mwishoni. Kwamba Josué, mtaalamu wa kituo, aliona mayai ya aina nyingine Itombwe juu, yenye vikombe vya meno kumi na mawili, na kwamba slaidi imeharibika. Siku moja mtu akifika kule akayapata, atajua Josué alitangulia. Atalinganisha meno."

Sentensi moja. Gaspard alitazama faili lake la barua kumi na saba. Alitafuta hasira, rafiki yake wa kila siku, na hakuikuta mahali pake.

"Iandike," alisema. "Andika mtaalamu. Usiandike kibarua."

Alisha aliiandika mbele yake, akamsomea mara mbili. Saa kumi kasoro robo Gaspard alirudi kwenye ndoo yake.

*

Donatienne alikuwa amepika. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na hakuwa amegusa chakula. "Yalikuwapo?"

Alimweleza akiwa amesimama, koti mwilini. Nyufa, fuwele, duara lililopotea.

"Nani aliyaharibu?"

Mara ngapi katika ndoa yao aliuliza swali hilo, na mara ngapi Gaspard alimjibu kwa jina, cheo na tarehe.

"Mimi, Mama Mélissa. Niliifunga ile Ijumaa. Niliogopa Josué angetusogezea posa."

Donatienne alitazama mikono yake juu ya meza, kucha zilizokatwa fupi kama kazi inavyotaka.

"Kwa hiyo ni kwa ajili yangu," alisema mwishowe.

"Ni kwa ajili ya haraka yangu."

"Na hakuna kitu kabisa?"

"Ipo sentensi." Akatoa nakala ya karatasi, akaikunjua, akamtafsiria neno kwa neno, sauti ikipata nguvu kidogo kadiri anavyosoma: Josué, mtaalamu, wa kwanza kuona, vikombe vyenye meno kumi na mawili.

"Kumi na moja," Donatienne alisema.

"Kumi na mawili."

"Baba Mélissa. Kumi na moja. Alisimama mbele ya wazee, glasi mkononi, akasema kila kikombe ni timu ya mpira, hesabuni, kumi na moja, na kipa yuko ndani. Baba akauliza, na mwamuzi je? Watu wakaanguka kwa kucheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia. Ni siku yangu ile. Nitaisahau?"

Gaspard alifumba macho kumtafuta Josué aliyeinama juu ya hadubini, midomo ikihesabu. Aliiona midomo. Idadi hakuisikia.

"Mélissa," aliita. "Mwandikie Daktari. Mwambie kumi na moja. Haraka, mwanangu."

Mélissa aliandika. Wakangoja, wote watatu wakiitazama simu katikati ya sahani. Ilipolia, binti alisoma kwanza peke yake, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akawajibu kwa Kiswahili, akichagua maneno.

"Anasema pole. Anasema makala imeenda saa kumi. Mkuu wake hataki kuirudisha kwa jino moja."

Donatienne aliinuka, akafunika vyungu, akaenda kubadilisha kitenge. Gaspard alibaki mezani na koti lake. Alichukua kalamu, akachora kikombe nyuma ya ile karatasi, akahesabu meno. Akachora kingine, akahesabu. Kila kimoja alichokichora, mkono ulikitia meno kumi na mawili.